Kitambaa Shahidi

Ofisini kwao walimwita Mama Taa. Hata mkuu wa idara ya maji, mtu wa kuandika majina yote matatu ya mtu kwenye kila barua, alikuwa akijisahau na kumwita hivyo mbele ya wageni. Taa yenyewe haikuwa ya kumpa mtu jina. Kilikuwa kijitaa cha kushika mkononi, urefu wa rula, chenye mwanga wa zambarau hafifu ambao ukiuona mchana utadhani betri inakata roho.

Alianza kazi pale akiwa mfagiaji. Mzee aliyekuwa na taa hiyo macho yalimwingia ukungu, akawa anahitaji mtu wa kumwonea, na aliyekuwa karibu na mlango siku hiyo alikuwa yeye na ufagio wake. Akaambiwa ingia, funga mlango, sema unachokiona. Akasema. Kesho yake akaitwa tena. Mzee alipostaafu, ufagio ulipata mwenyewe mwingine na taa ikabaki kwake. Hiyo ni miaka kumi na tisa.

Kazi ilikuwa kuvihoji visima. Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu kama kioo, na huku yanakunywesha taka za jirani. Basi Mama Taa hukata kipande cha marekani, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi wala kung'arishwa, ambayo asiyeijua huiona kama nguo iliyochakaa. Hukitia kwenye kijikapu cha waya chenye jiwe, akakizamisha kisimani kwa kamba na kukiacha siku nne. Sabuni ya unga ina dawa ya kuzifanya nguo zionekane nyeupe kuliko weupe wenyewe. Dawa hiyo hufuata maji ya kufulia hadi shimoni, na shimo likivuja huyafuata ardhini hadi kisimani, na pamba ikikutana nayo huinasa. Kwa macho matupu huoni kitu. Lakini ukikipeleka kitambaa gizani ukakimulika, dawa huupokea ule mwanga wa zambarau na kuurudisha ukiwa wa buluu, na kitambaa huwaka kana kwamba kina mbalamwezi yake. Kikibaki giza, maji ya kufulia hayakupita hapo.

Na kila kitambaa kina pacha. Vinakatwa pamoja kutoka kipande kimoja. Kimoja kinakwenda majini, kingine kinabaki kikavu ndani ya bahasha. Hicho kikavu walikiita shahidi. Yule mzee alimfundisha kumuuliza shahidi kwanza. Shahidi akiwaka ilhali hajagusa maji, ujue kitambaa kimekuja na dawa yake kutoka nyumbani, na kesi inafutwa hapo hapo.

Kwa sababu ya kazi hiyo, sabuni ya unga haikuvuka mlango wa nyumba yake. Alifua kwa sabuni ya mche tangu aolewe. Mumewe, dereva wa lori la mchanga, alilalamika kwa raha zake kwamba mashuka ya majirani yanameta kama meno ya mgombea, ila yake yamefanana na ramani. Aliwaambia wenzake kwamba mkewe haogopi nyoka wala mama mkwe, anaogopa povu tu.

Mume huyo alikufa kwa homa ya matumbo. Alirudi safari akiwa na kichwa kinauma, akalala siku kumi na moja, hakuamka.

Mama Taa hakulia. Si kwamba alijikaza. Alikaa akikisubiri kilio kama mtu anayesubiri gari kwenye kituo ambacho magari yaliacha kupita zamani. Wanawake waliokuja msibani walimtazama uso ule mkavu, wakatazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine hulia moyoni. Yeye alikwenda jikoni akaipua sufuria kwa mikono mitupu. Alipoitua ndipo alipoona vidole vimebadilika rangi. Maumivu yalikuja baadaye, kidogo, kama habari za mtu wa mbali.

Mama yake mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyeishika nyumba siku hizo. Mwanamke wa shughuli, mikono haikai. Alipika, akapokea wageni, akafukuza waliokuja kula tu, akafua. Alifua kila kilichofulika, kisha akapiga pasi, akakunja, akapanga makabatini, akarudi kwake baada ya wiki mbili akiwa amechoka na ameridhika.

Nyumbani wakabaki watu wawili, Mama Taa na mama mkwe wake. Juu yao kidogo, mtelemko unapoanzia, ilikuwa nyumba ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kujenga. Kisima kilikuwa katikati, wakichota wote. Fundi huyo alikuwa amechimba shimo jipya la maji machafu miaka miwili nyuma, akalijengea kwa matofali ya kuchoma, na alilisifia mpaka kaka yake akamuuliza kama ni shimo au anataka kuhamia humo.

Kila asubuhi mama mkwe alipanda kwa mwanawe huyo kunywa chai. Alidai kule wanajua kutia sukari, huku chini wanainusisha tu.

Siku moja, wiki tatu baada ya mazishi, bibi huyo aliweka ndoo chini akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, wewe unapima visima vya mji mzima. Hiki chetu umekipima lini?"

Hakuwa amekipima. Akafungua droo ya kushonea, akatoa kipande cha marekani alichokuwa amekiweka akiba, akakata vitambaa viwili. Mikono iliijua kazi, haikuhitaji mwenyewe awepo. Kimoja kikaenda kisimani, kingine kwenye bahasha. Baada ya siku nne alikitoa kile cha majini, akakisuuza, akakianika kivulini, kisha akaziba dirisha la stoo kwa blanketi na kuwasha taa. Kikawaka buluu.

Bahasha hakuifungua. Si kwamba alikataa, haikumjia akilini. Miaka kumi na tisa alimuuliza shahidi kwanza, na siku hiyo moja, kwenye kisima chake mwenyewe, alitoka nje akasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha kwamba maji ya kufulia yanaingia kisimani.

"Ya nani?" mama mkwe akauliza.

"Juu yetu kuna nyumba moja tu, mama."

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo. Bibi hakupanda tena kwenda kunywa chai. Jambo likatoka nyumbani likaingia mtaani, na kila lilipopita lilitiwa chumvi, mpaka ikawa fundi alionywa na kaka yake kuhusu lile shimo akacheka. Waliozoea kumsalimu wakaanza kuwa na haraka. Mtu aliyekuwa amemwita kumjengea uzio akaghairi, akasema watoto wake wanaogopa. Mke wa fundi akapeleka chakula kwa mama mkwe, sahani ikarudi na kifuniko chake, haijaguswa.

Fundi alishuka mara moja tu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza, "Shemeji, una hakika?"

"Taa haijui kusema uongo," akamjibu.

Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa kipimo cha ukuta, akarudi kwake. Yeye Mama Taa aliendelea kuchambua mchele. Hakumchukia shemeji yake. Ila ilikuwepo sehemu ya kuweka lile jambo la kifo, na alikuwa ameliweka, na sasa mikono ilikuwa mitupu. Alilala vizuri zaidi wiki hiyo.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha ikasikika kwamba fundi amepata nyumba upande mwingine wa mji, na lori litakuja Jumamosi kuchukua vitu vyake. Mama mkwe akasema aende, ila shimo lake asituachie. Akamtaka Mama Taa alete amri ya ofisi, yenye mhuri, shimo lifukiwe kisheria.

Alhamisi asubuhi Mama Taa akajaza fomu. Ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha kitambaa cha majini, kingine cha shahidi. Akaandika "buluu" kwenye cha kwanza, akampelekea mtunza stoo, ambaye ndiye aliyekuwa akikagua fomu zote kabla hazijafika kwa mkuu. Huyu alikuwa mtu wa mizaha isiyokwisha, lakini kwenye karatasi alikuwa kama kupe.

"Kisanduku cha pili kitupu, Mama Taa. Shahidi wako ametorokea wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Mlete basi. Mimi bila shahidi hata ndoa yangu nisingeikubali, na yule mwanamke ananisumbua mpaka leo."

Alikwenda nyumbani saa ya chakula, na taa ndani ya mkoba. Mama mkwe alikuwa amejilaza. Akaingia stoo, akaziba dirisha, akatoa bahasha chini ya mizani ya zamani. Ilikuwa bado imegundishwa. Akaichana na kumulika.

Shahidi akawaka buluu.

Alizima taa. Akahesabu mpaka kumi, akawasha tena. Bado. Akakiweka kando ya kile cha majini, na hakuna ambaye angeweza kuvitofautisha. Akaleta kipande kilichobaki kwenye droo. Nacho kikawaka, na sasa, kwa kuwa alikuwa anatazama, aliona kina mistari ya pasi. Marekani ya kazi haipigwi pasi.

Akainua taa kidogo. Stoo nzima ilikuwa inamtazama. Pazia la zamani lililokunjwa liliwaka. Mifuko ya mito iliwaka. Mashati ya mumewe, yaliyofungwa pamoja kwa kamba, yaliwaka kola na vifungo, safi, hayana mtu. Kilichobaki giza kilikuwa kitu kimoja tu, koti lake la safari lililotundikwa nyuma ya mlango chini ya magunia. Hilo waliofua hawakuliona. Mama Taa alilimulika kwa muda, akazima, akatoka nje kupiga simu.

Mama mdogo alifurahi kusikia sauti yake. Aliuliza habari za afya, za mkwe, za kazi, akaambiwa njema, njema, njema. Kisha akaulizwa kama anakumbuka kitambaa kilichokuwa kwenye droo ya kushonea.

"Kile cha njano njano? Nakikumbuka sana. Kilikuwa kimechoka, mwanangu, niliona aibu wageni wasije wakafungua droo. Nilikiloweka siku nzima kabla hakijanyooka."

"Kwa sabuni gani, mama mdogo?"

"Ya unga. Niliinunua mwenyewe, kwako sikukuta hata chembe. Kwani kimechujuka?"

"Hapana. Kiko vizuri."

"Afadhali," akasema yule mama. "Nilitaka nikuachie vitu vyote vikiwa vyeupe."

Mama Taa alimshukuru, akaweka simu mfukoni. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakukuwa na mtu mwingine mtaani wala ofisini aliyeweza kuisoma taa ile. Kisanduku cha pili kilihitaji neno moja, "giza", mwandiko wake mwenyewe, na mtunza stoo angegonga mhuri. Jumamosi lori lingekuja. Na yeye angebaki na mahali pa kuliweka lile jambo. Upande wa pili alikuwepo mtu mmoja anayefungasha vyombo kwa kosa ambalo hakuna anayejua kama alilifanya. Wala hata yeye hakujua. Kitambaa kibovu hakisemi kwamba shimo halivuji, hakisemi chochote. Na kipimo kipya kinataka siku nne, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Alirudi ofisini, akachukua marekani mpya kutoka kabati la kazi, akamulika shahidi kwanza, giza. Akamwambia mtunza stoo aifute ile fomu. Yule akataka kutania, akamtazama usoni, akaichana. Jioni kabla jua halijazama Mama Taa alizamisha kijikapu kisimani, kisha akapanda mtelemko.

Shemeji yake alikuwa sebuleni anafunga zana zake kwenye gunia. Pimamaji yake, ile ya kiputo, alikuwa ameizungushia taulo kama mtoto mchanga. Mkewe alipomwona mgeni aliingia ndani na kufunga mlango. Mama Taa hakukaa, maana hakukaribishwa.

"Shemeji, kipimo changu kilikuwa kibovu," akasema. "Kitambaa kilifuliwa wakati wa msiba, nami sikumtazama shahidi. Ningemtazama siku ile ile ningejua."

"Kwa hiyo shimo langu halivuji."

"Sijui."

"Hujui," fundi akarudia. Akafunga fundo la gunia, akalifungua, akalifunga tena. "Siku ile ulijua."

"Siku ile nilisema tu. Nimeweka kitambaa kingine. Jumatatu utakuja, utaona kwa macho yako. Nakuomba lori lisubiri."

Fundi akavuta gunia la pili. Mama Taa aliporudi chini alimwambia mama mkwe vilevile, kwa maneno yale yale, na bibi akageukia ukutani.

Lori lilikuja Jumamosi. Fundi alitoka akazungumza na dereva, na dereva akasema maneno mengi kuhusu watu wasiojua kama wanahama au wanatalii, akageuza gari kwa hasira, akagonga pipa la takataka, akaondoka. Vitu vikabaki sebuleni, vimefungwa.

Jumatatu mchana wakaingia watatu stoo, Mama Taa, shemeji yake na mama mkwe. Bibi alikalishwa juu ya gunia la mkaa lililotandikwa gazeti. Blanketi likawekwa dirishani, mlango ukafungwa, taa ikawashwa. Kwanza kabisa waliwaka wao wenyewe. Shati la fundi liliwaka kifuani na mikononi, kitambaa cha kichwani cha bibi kikaelea hewani kama hakina kichwa ndani yake. Nyuso hazikuonekana. Mama Taa peke yake, kwenye gauni la kazi lililobaki ofisini siku za msiba, hakuwaka popote.

"Hiki ndicho nilichowaonyesha zamani," akasema, akimulika kipande cha mama mdogo. "Hakijaona maji ya kisima, na kinawaka. Kimewaka kwa sabuni ya msibani." Akakiweka chini. "Huyu ni shahidi mpya." Giza. "Na hiki kimekaa kisimani siku nne."

Taa ilipita juu ya kitambaa mara tatu, mbele na nyuma. Ilikuwa kama kumulika udongo.

"Maji ya kufulia hayaingii kisimani. Shimo lako halivuji kuja kwetu, shemeji. Habari za vijidudu kitambaa hakizijui, tutaendelea kuchemsha. Lakini nililolisema juu yako halikuwa kweli, na nililisema mimi."

Lile shati lililokuwa likiwaka lilipanda na kushuka.

"Sasa nani kamuua mwanangu?" bibi akauliza gizani.

"Sijui, mama. Alikunywa maji njiani, kila alikosimama. Hatutajua."

Bibi akasema basi, kama mtu anayepokea chenji. Fundi akakohoa. Alisema anataka iandikwe. Yale ya kwanza yalitoka mdomoni yakazunguka mtaa mzima kwa miguu yao, haya ya kurudi nayo yatafika wapi bila karatasi? Mama Taa akasema ni haki yake. Akaandika pale pale, mlango ukiwa wazi nusu, juu ya mfuniko wa pipa: kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa na kosa, kosa ni la mpimaji, kisima kimepimwa upya na shimo la jirani wa juu halihusiki. Akaweka majina yake yote matatu, ambayo hata mtunza stoo angeyasoma mara mbili. Fundi alisoma kwa kidole, pole pole. Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.

"Zimeni hilo litaa lenu," bibi akasema, akijivuta kuinuka. "Twendeni huko juu, nina kiu. Mtu anaandikiwa karatasi kwenye pipa utadhani kauza ng'ombe."

"Sukari imeshafungwa, mama," fundi akasema.

"Ifungueni."

Fundi akampa mkono, wakapanda mtelemko wawili, taratibu, wakisimama bibi alipochoka. Mama Taa hakuitwa, naye hakufuata. Aliondoa blanketi dirishani, akakunja vitambaa kila kimoja na bahasha yake. Koti aliliacha lilipo.

Kesho yake aliandika fomu mpya. Kisanduku cha kwanza, giza. Cha pili, giza. Mtunza stoo akagonga mhuri akauliza kama shahidi amelipwa nauli. Mkuu wa idara alimwandikia barua ya onyo kwa kutumia vifaa vya kazi nyumbani bila kibali, kwa majina yote matatu, naye akaitia sahihi na kuirudisha.

Karatasi ya fundi ilibandikwa kwenye ukuta wa kisima, ndani ya mfuko wa nailoni, na waliokuja kuchota wakawa wanaisoma wakingoja ndoo zijae. Vitu vyake vilifunguliwa kimoja kimoja. Kabati liliingia ndani mwisho kabisa, baada ya wiki mbili.

Asubuhi moja fundi alipita chini na zana begani, akielekea kazini. Mama Taa alikuwa anafagia mlangoni.

"Hujambo, shemeji," akasema bila kusimama.

"Sijambo, shemeji. Salama huko?"

"Salama."

Ilikuwa salamu kama salamu nyingine, haikuwa na uzito wa aina yoyote. Mama Taa akaendelea kufagia mpaka kwenye ngazi, akakusanya taka, akazitupa, akaingia ndani kuchukua mkoba wenye taa, kwa sababu siku hiyo alikuwa na visima vitatu.